Mapezi Yabuniwe kwa Hewa Tuliyo Nayo

Miongoni mwa wanachama wetu wanaosoma uhandisi, upozaji wa chipu ni mada ya mradi inayopendwa sana, na sababu yake inaeleweka. Mada hiyo inadai fizikia ya kweli, kazi ya mikono kidogo na kompyuta nyingi, na mwishowe inatoa picha za rangi nyekundu na buluu zinazopendeza ukutani siku ya maonyesho. Karibu kila mradi wa aina hiyo hufikia hitimisho lilelile: umbo jipya la mapezi limeshusha joto la chipu kwa nyuzi kadhaa kuliko umbo la zamani. Tunawapongeza wenzetu kwa bidii. Lakini ukifungua ukurasa wa vigezo, mara nyingi utakuta mstari mdogo unaosema kwamba hewa ya kuzunguka imechukuliwa kuwa ya nyuzi 25, safi, na inasukumwa na feni isiyochoka. Hewa hiyo ipo ndani ya maabara. Nje ya mlango wa maabara hiyohiyo, mwezi wa Julai, haipo.

Maoni yetu ni kwamba pezi lililobuniwa kwa hewa ya nyuzi 25 halijamaliza kubuniwa, ikiwa kifaa chenyewe kitaishi Doha, Mombasa au Garissa. Tunaomba miradi ya wanafunzi ianze kupimwa kwa hewa ambayo kifaa kitaipumua, na kwamba matokeo yake yaandikwe kwa lugha ambayo fundi wa nyumbani anaweza kuisoma. Tutaeleza kwa nini, kwa hesabu ambazo msomaji yeyote anaweza kuzirudia kwa kikokotoo cha simu.

Kwa wenzetu wa lugha na fasihi, tuanze na chombo chenyewe. Chipu ni kipande cha silikoni chenye transista nyingi mno, na karibu umeme wote unaoingia ndani yake huishia kuwa joto. Chipu ya Nvidia iitwayo H100, inayotumika katika kazi za akili unde, inaweza kula hadi wati 700 katika kipande chenye eneo la milimita za mraba 814, ukubwa wa stempu ya posta. Pasi ya umeme ya wati 1,000 husambaza joto lake kwenye bamba pana kuliko kiganja. Ukilinganisha sentimita moja ya mraba kwa nyingine, chipu hiyo hutoa joto zaidi ya mara kumi ya pasi. Isipopozwa itajipunguza kasi, kisha itajizima, na ikilazimishwa itaungua.

Kinachoiokoa ni kile mafundi wanachokiita hitisinki: kipande cha alumini au shaba kinachobanwa juu ya chipu, chenye mapezi yaliyosimama kama meno ya chanuo. Joto hupanda kutoka kwenye chipu hadi kwenye metali kwa mpitisho, yaani kwa kugusana. Kutoka kwenye mapezi huondoka kwa njia mbili. Ya kwanza ni myuko: hewa iliyogusa pezi hupata joto, huwa nyepesi, hupanda, na hewa nyingine huchukua nafasi yake. Ya pili ni mnururisho: pezi hurusha joto kama jiko la mkaa linavyokuchoma uso hata kama hewa imetulia. Kazi ya mapezi ni kuongeza eneo la uso, ili hewa, ambayo ni mbovu sana kwa kubeba joto, ipate mahali pengi pa kulipokea.

Kanuni inayotawala myuko ni fupi. Joto linaloondoka hutegemea vitu vitatu vinavyozidishwa: wepesi wa hewa kupokea joto, eneo la uso, na tofauti ya halijoto kati ya metali na hewa. Mbunifu wa mapezi huhangaika na cha pili. Kiangazi cha Doha humnyang'anya cha tatu, na vumbi humnyang'anya cha kwanza. Huo ndio mgogoro wote.

Tuchukue mfano. Tuna kifaa cha nje, tuseme ruta ya kamera za ulinzi au kidhibiti cha paneli za sola. Chipu zake hutoa wati 20 za joto, na hitisinki yake haitakiwi kuvuka nyuzi 85. Katika maabara ya nyuzi 25 tuna nafasi ya nyuzi 60. Tukigawanya kwa wati 20 tunapata nyuzi 3 kwa kila wati. Hitisinki yenye ukinzani wa joto wa kiasi hicho inatosha. Sasa tutoke nje, kivulini, hewa ikiwa ya nyuzi 45. Nafasi imebaki nyuzi 40, kwa hiyo tunahitaji nyuzi 2 kwa wati. Kisha tukifungie kifaa ndani ya sanduku lililopigwa jua, ambamo hewa imefika nyuzi 60. Nafasi imebaki nyuzi 25, na sasa tunahitaji nyuzi 1.25 kwa wati, yaani uwezo wa mara 2.4 ya ule wa maabara. Aliyefunga humo hitisinki yake ya maabara ataipata ikiwa na nyuzi 120 hivi. Mradi uliopata alama nzuri mwezi wa Aprili utakuwa umekufa kabla ya Agosti.

Nyuzi 60 ndani ya sanduku si kutia chumvi. Wastani wa joto la juu la mchana Doha kuanzia Juni hadi Agosti ni nyuzi 41 hivi, na Julai 2010 jiji lilipima nyuzi 50.4. Vipimo hivyo huchukuliwa kivulini. Jua la adhuhuri hushusha takriban wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba inayolielekea. Uso wa sanduku wenye sentimita 30 kwa 40 unaolielekea jua hupigwa na wati 120. Hata ukimeza nusu yake tu, joto la jua ni mara tatu ya zile wati 20 za chipu. Mbunifu anayepigania nyuzi mbili kwa kulipinda pezi, huku ameliacha sanduku lake bila kivuli, anaziba tundu la sindano katika mtumbwi uliopasuka.

Juu ya joto lipo vumbi. Upepo wa shamali huleta mchanga laini kama unga, unaopita kwenye kila upenyo. Tazameni taa za LED za barabarani: mgongoni zina mapezi, kwa sababu LED nayo ni chipu na hufa kwa joto kama chipu nyingine. Mapezi yaliyoelekea juu hugeuka visanduku vya vumbi. Kuelekea mwisho wa kiangazi huongezeka unyevu wa bahari, vumbi likalowa, likakauka, likashika kama udongo wa ukuta. Hapo mapezi yenye nafasi ya milimita mbili kati yake hayahesabiki tena kuwa mapezi. Ni gogo moja la metali lililovikwa blanketi.

Nchi hii yenyewe imeshakubali kwamba kipimajoto cha kivulini hakisemi ukweli wote. Tangu mwaka 2021, kanuni za kazi za Qatar zinakataza kazi za nje kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kati ya Juni 1 na Septemba 15. Pia zinataka kazi isimame wakati wowote kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo kinapovuka 32.1. Ndugu zetu wengi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania wanaofanya kazi hapa wanaijua namba hiyo kwa miili yao. Mwili wa mtu hupozwa na hewa ileile inayopoza chipu, na waliotunga kanuni walielewa kwamba haitoshi kuuliza nyuzi ni ngapi. Lazima uulize pia jua, unyevu na upepo. Tunaona ajabu kwamba ripoti ya hitisinki iridhike na namba moja ya 25.

Sasa, hewa hii ikikubaliwa kuwa ndiyo kigezo, ubunifu wenyewe unabadilika vipi? Tunaona mambo manne.

La kwanza ni nafasi kati ya mapezi. Mwanafunzi anayeanza hudhani kwamba mapezi mengi zaidi ni baridi zaidi. Ni kweli mpaka mahali fulani. Kila pezi lina ngozi ya hewa ya moto inayoligandama, na mapezi yakikaribiana sana ngozi hizo hukutana, hewa katikati husimama, na eneo lote uliloliongeza huwa la bure. Elenbaas alichunguza jambo hili mwaka 1942, na mwaka 1984 Bar-Cohen na Rohsenow walitoa kanuni rahisi ya kupata nafasi bora pale ambapo hakuna feni. Kwa mapezi wima yenye urefu wa sentimita 10, yenye joto la nyuzi 40 juu ya hewa, kanuni hiyo inatoa takriban milimita 7. Mapezi ya kompyuta yenye feni mara nyingi hukaribiana milimita 1 au 2. Anayeondoa feni kwa sababu imeungua, akaacha mapezi yaleyale, amebaki na chombo kilichobuniwa kwa upepo ambao haupo. Na nafasi ya milimita 7 ina faida ya pili ambayo kanuni haikuihesabu: brashi ya rangi inaingia.

La pili ni urefu wa pezi. Joto hupungua kadiri linavyosafiri kuelekea ncha, kwa hiyo ncha ya pezi refu hufanya kazi ndogo kuliko shina lake. Tuchukue pezi la alumini lenye unene wa milimita 1, mbele ya feni ya wastani inayotoa myuko wa wati 50 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi. Likiwa na urefu wa milimita 30, ufanisi wake ni asilimia 87 hivi. Likiwa na milimita 90, ufanisi hushuka hadi asilimia 48. Tumetumia alumini mara tatu, joto linaloondoka limeongezeka kwa asilimia 65 tu. Kabla ya kurefusha, afadhali kuuliza kama metali hiyo haingefanya kazi zaidi kwa kupanua kitako.

La tatu ni aina ya metali. Shaba hupitisha joto karibu mara mbili ya alumini, na wauzaji hupenda kulisema hilo. Ila katika hewa tulivu, anayekwamisha safari ya joto ni hewa. Pezi la alumini lenye unene wa milimita 2 na urefu wa milimita 30, katika myuko wa asili wa wati 10, lina ufanisi wa asilimia 98.5. Ukiliweka la shaba utafika asilimia 99.3. Hiyo tofauti isiyotimia hata asilimia moja unailipa kwa uzito wa zaidi ya mara tatu na bei kubwa zaidi. Shaba ina mahali pake, hasa kwenye kitako kinachogusa chipu, ambapo joto jingi linatoka mahali padogo na linahitaji kutawanywa haraka. Hata hapo, mji wa pwani una onyo lake: shaba na alumini zikigusana katika hewa ya chumvi huliwa kwa kutu, na alumini ndiyo inayoumia. Doha, Zanzibar na Mombasa zote ni miji ya chumvi.

La nne ni rangi, na hapa tunadhani hata baadhi ya vitabu vinampoteza mwanafunzi kwa kutotaja jua. Alumini tupu iliyong'aa hurusha joto vibaya kwa mnururisho, chini ya sehemu moja ya kumi ya uso mweusi kamili. Ikitiwa tabaka la oksaidi kwa umeme hufikia sehemu nane kwa kumi, ndiyo maana hitisinki nyingi ni nyeusi. Ndani ya nyumba ni sawa kabisa. Juani, weusi huohuo hunywa jua. Rangi nyeupe ya kawaida hurusha joto vizuri kama nyeusi, kwa sababu mnururisho wa joto la nyuzi 80 hauonekani kwa macho na haujali weupe wala weusi, lakini hukataa sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Kwa kifaa kilicho juani, mapezi yapakwe rangi nyeupe nyepesi na yawekewe kivuli kinachoacha hewa ipite. Hakuna programu inayohitajika kulifanya hilo.

Tunajua yatakayosemwa kutupinga, na baadhi ni ya haki.

Litasemwa kwanza kwamba feni inamaliza ubishi. Feni huongeza wepesi wa hewa kupokea joto mara nyingi, hata mara kumi, na hakuna mpangilio wa mapezi unaoweza kushindana nalo. Kweli. Lakini feni ndiyo sehemu inayozunguka, na kinachozunguka ndicho kinachochakaa kwanza. Ukiiwekea kichujio cha vumbi, kichujio kinapojaa feni inasukuma ukuta. Pale ambapo mtu yupo wa kukisafisha kila mwezi, feni iwepo. Juu ya mlingoti jangwani, au juu ya paa la zahanati kijijini, tunaomba kifaa kiweze kubaki hai, hata kwa kasi ndogo, siku ambayo feni imesimama.

Litasemwa pili kwamba dunia imehamia kwenye maji. Microsoft ilifungua vituo vyake vya data hapa Qatar mwaka 2022 na Google mwaka 2023, na katika vituo vya namna hiyo duniani chipu nzito zinazidi kupozwa kwa kimiminika. Tangu mwaka 1981 Tuckerman na Pease wa Stanford walionyesha kwamba maji yanayopita katika mifereji membamba iliyochongwa kwenye silikoni yanaweza kuondoa wati 790 kwa kila sentimita ya mraba. Hatubishi. Tunauliza tu: maji hayo yakishapata joto yanakwenda wapi? Yanakwenda nje, kwenye mashine yenye mapezi, au kwenye mnara wa kupozea, na huko yanakabidhi joto kwa hewa ya Doha. Kimiminika hubadilisha mahali pa pezi. Hakiondoi haja yake. Tena huko nje pezi hilo linakutana na shamali ana kwa ana.

Litasemwa tatu kwamba ndani ya kituo cha data hewa huchujwa na hutunzwa kati ya nyuzi 18 na 27, kama inavyopendekezwa kwa seva, kwa hiyo nyuzi 25 za mwanafunzi ni sahihi. Hapa tunakubali bila masharti. Anayebuni kwa ajili ya ukumbi huo abuni mapezi membamba, yaliyosongamana, hata yenye maumbo kama matumbawe yanayotolewa na printa za 3D. Tunachodai ni kwamba aseme. Aandike juu ya ripoti yake: hitisinki hii ni ya chumba kilichopozwa. Na akumbuke kwamba ubaridi wa chumba hicho umenunuliwa kwa umeme, na kila wati iliyotumika kupoza hewa inafaa ihesabiwe kama sehemu ya gharama ya pezi lake.

Hoja yetu si ngeni mahali hapa. Kampasi ya Chuo Kikuu cha Qatar, iliyobuniwa na msanifu Kamal El Kafrawi na kujengwa kufikia miaka ya 1980, ina vyumba vya pembe nane na minara ya kunasia upepo, kwa kufuata minara iliyokuwa juu ya nyumba za kale za Ghuba. El Kafrawi alikuwa amesoma Ufaransa, lakini hakuja na paa la Paris. Aliuliza kwanza hewa ya hapa inafanyaje, kisha akachora. Kwetu pwani, fundi wa jahazi hakushona tanga kabla ya kujua chombo kitasafiri na kaskazi au kusi, na ni pepo hizo hizo zilizowaunganisha wazee wetu na bandari za Ghuba hii. Usione vyaelea, vimeundwa. Na vimeundwa kwa maji na upepo wa mahali.

Nyumbani Afrika Mashariki hewa haiko ya namna moja, na hilo linaongeza uzito wa jambo. Nairobi ina ubaridi, lakini iko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Feni ileile, kwa mizunguko ileile, inasukuma uzito mdogo wa hewa na kubeba joto pungufu. Mombasa na Dar es Salaam zina chumvi na unyevu. Garissa, ambako Kenya ilizindua kituo cha sola cha megawati 50 mwaka 2019, ina joto na vumbi linalofanana zaidi na la hapa. Qatar nayo ilifungua kituo chake cha Al Kharsaah cha megawati 800 mwaka 2022, jangwani magharibi mwa Doha. Katika vituo vyote viwili paneli hutoa umeme mwingi saa ileile ambayo jua ni kali, na saa hiyohiyo ndipo inveta zina joto jingi zaidi la kutoa, kwa hewa iliyo moto kuliko saa nyingine yoyote. Inveta iliyopata joto kupita kiasi hujipunguza nguvu. Mapezi mabaya, kwa maneno mengine, hula umeme adhuhuri, saa ya mavuno.

Kuna pia suala la umri. Kapasita za elektroliti, ambazo zimo karibu katika kila kifaa cha umeme, hupoteza takriban nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Kidhibiti cha sola kilichokusudiwa kudumu miaka minane kikiwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya lililokadiriwa, kapasita zake zinaweza kuisha kwa miaka miwili. Familia iliyokinunua kwa malipo ya kidogo kidogo haitajua kwamba tatizo lilikuwa nafasi ya milimita mbili badala ya saba. Itaambiwa kwamba sola haifai, na itarudi kwenye koroboi. Hapo ndipo tunapoona uzito wa jambo hili kwa wanafunzi wa klabu hii. Wengi wetu tutarudi nyumbani, na vifaa tutakavyonunua, kuagiza au kubuni vitaishi katika hewa ambayo wabunifu wa mbali hawakuifikiria. Mwamba ngoma huvutia kwake. Sisi tusipovuta ngozi upande wetu, hakuna atakayetuvutia.

Kwa hiyo tuna maombi, na tunayaelekeza kwa majina ya kazi, si ya watu.

Kwa wahadhiri wa uhandisi: tunaomba kila mradi wa upozaji utaje juu kabisa hewa uliyobuniwa kwayo, na uonyeshe pia matokeo ya nyuzi 50. Tunaomba kipimo kimoja cha vumbi, hata kiwe cha kumwaga unga wa mchanga uliochekechwa juu ya mapezi na kupima tena. Na tunaomba alama zitolewe kwa urahisi wa kutengeneza. Mapezi ya alumini yanayosukumwa katika kalibu, kama tambi katika mashine, ni ya bei ndogo na yanaweza kukatwa kwa msumeno popote. Umbo linalohitaji printa ya metali lipewe sifa yake, lakini lisipewe ushindi kwa uzuri wa picha peke yake.

Kwa walimu wetu wa Kiswahili: tunaomba tusaidiane kutengeneza kijitabu cha kurasa chache kwa mafundi wa Kariakoo, wa Luthuli Avenue na wa Kampala, kinachoeleza namna ya kuchagua na kufunga hitisinki. TUKI ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kwa hiyo hatuanzi na mikono mitupu. Mpitisho, myuko, mnururisho na ukinzani ni maneno yaliyo tayari. Hitisinki na pezi tayari yanaeleweka mtaani. Kinachokosekana ni sentensi kamili zinazomwambia fundi kwamba mapezi yasimame wima, kwamba pesti inayopakwa juu ya chipu iwe nyembamba kiasi cha kujaza mikwaruzo tu, kwamba hitisinki ya feni haifai bila feni, na kwamba kifaa cha juani kipakwe nyeupe na kiwekewe kivuli.

Kwa wanachama wenzetu wa vitivo vyote: kazi hii inahitaji watu wa pande mbili. Mwanafunzi wa uhandisi atapima. Mwanafunzi wa lugha atamzuia asiandike sentensi ambayo fundi atalazimika kuisoma mara tatu. Tunapendekeza tuanze na hitisinki mbili za alumini zenye uzito sawa, moja ya mapezi yenye nafasi ya milimita 2 na nyingine ya milimita 7, kila moja ikiwa na kipingamizi cha kutoa wati 20, kivulini juu ya paa, bila feni, kuanzia Juni hadi Septemba. Zisifutwe vumbi. Kila wiki mtu mmoja apande asubuhi, kabla ya saa nne, asome vipimajoto na kuandika. Gharama yake haizidi chakula cha jioni cha watu wachache, na Oktoba tutakuwa na namba zetu wenyewe za kuchapisha katika gazeti hili, ziwe zimetuunga mkono au zimetukosoa.